Mdogo wangu hali, na nimemuapia sitasema

Shikamoo Shangazi,

Barua hii nimeiandika na kuifuta mara tatu. Naomba usitaje jina langu wala mahali nilipo, kwa sababu mtu ninayetaka kukueleza habari zake husoma kila ninachosoma.

Mimi ni dada wa miaka 27, kifungua mimba kwetu. Kitinda mimba wetu ana miaka 17 na ninakaa naye, kwa kuwa shule yake iko jirani na kazini kwangu na wazazi wako mbali. Siku mama alipomleta aliniambia, "Huyu sasa ni wako." Maneno hayo ndiyo yananikosesha usingizi.

Mdogo wangu ni mkimbiaji wa mbio ndefu, na anakimbia kweli. Mwanzoni mwa mwaka kocha wao aliwaambia kwamba kilo usiyoihitaji ni mzigo unaombebea mpinzani wako. Alirudi nyumbani akiyarudia maneno hayo kama wimbo, tukacheka wote. Akaacha sukari. Nikampongeza. Akaacha mafuta, kisha nyama, kisha chakula cha usiku. Muda wake wa mbio ukashuka na watu wakamsifia. Mimi ndiye wa kwanza kumwambia, "Umependeza, shikilia hapo hapo." Akaniomba mizani yangu ya chumbani nikampa, nikajinunulia nyingine, maana hata mimi siku haianzi mpaka nijue nimeamka na kilo ngapi.

Huu sasa ni mwezi wa nane. Sahani ya chakula inamchukua saa nzima. Anakata kila kitu vipande vidogo kama vya mtoto anayeachishwa ziwa, anavisogeza huku na huku, halafu anasema ameshiba. Mara amekula shuleni, mara tumbo linamsumbua, mara leo amefunga. Mwenzake mmoja nilipomuuliza akaniambia wakati wa kula shuleni huwa haonekani. Jua linawaka, yeye yuko ndani ya sweta. Amekuwa mkali, yeye aliyekuwa mchekeshaji wa nyumba. Marafiki zake wakija anajifungia chumbani.

Kinachonichanganya ni kwamba anapenda mambo ya chakula kuliko sisi sote. Anaangalia video za mapishi mpaka usiku wa manane. Jumapili anaingia jikoni mwenyewe, anapika vitu ambavyo sijawahi hata kuvisikia, anatupakulia mimi na mwenzangu ninayeishi naye, anakaa pembeni kutuangalia tunavyokula, na tusipomaliza anakasirika. Yeye hatii mdomoni hata kijiko cha kuonja chumvi. Mtu anayechukia chakula hufanya hivyo?

Miezi miwili iliyopita alianza kuumwa mfupa wa muundi. Daktari akasema apumzike wiki sita. Hakumaliza hata siku tatu. Nilimkuta saa kumi alfajiri anaruka kamba gizani, amevaa soksi ili nisisikie.

Halafu ukaja ule usiku, wiki tatu zilizopita. Saa nane niliamka nikasikia kitu jikoni. Nikamkuta amekaa sakafuni, taa imezimwa, anakula kwa mikono miwili kila kilichobaki kwenye sufuria, haraka haraka, huku analia. Hakuniona. Nikarudi kitandani kwa aibu, utadhani mimi ndiye niliyekutwa. Dakika chache baadaye bomba la bafuni likafunguliwa, na chini ya sauti ya maji nikasikia anatapika. Niligonga. Alipofungua, macho yalikuwa mekundu. Akasema ni mara ya kwanza. Akaniapisha nisiwaambie wazazi wala kocha, kwa sababu mashindano makubwa ya mwaka ni mwezi ujao, na watakuwepo watu wanaochagua vijana wa kupewa ufadhili wa masomo. "Dada, nikimaliza mashindano nitakula kawaida. Nakuahidi. Ukisema, umeniua." Nikaapa.

Haikuwa mara ya kwanza, Shangazi. Juzi nikifagia nimekuta chini ya kitanda chake mifuko ya plastiki yenye chakula kilichokauka, kile kile nilichodhani alikula.

Jumamosi iliyopita nilishindwa kujizuia. Nilimwekea sahani, nikafunga mlango, nikamwambia hatoki mpaka amalize. Alikula huku anatetemeka. Nilipofungua alikwenda moja kwa moja bafuni, na tangu siku hiyo hatusemeshani.

Rafiki yangu ananiambia magonjwa haya ni ya wasichana, kwamba mvulana anajinyima tu kwa ajili ya michezo, na kwamba hata hajakonda kiasi cha kutisha. Ni kweli, ukimwona njiani utasema ni mwanariadha mwenye afya zake. Mama nikimgusia kwamba mtoto hali vizuri, anasema ni deko. Baba akijua atamtoa kwenye mbio siku hiyo hiyo, na mbio ndizo pekee zinazomtoa mdogo wangu kitandani.

Nikisema, nimemsaliti na pengine nimemharibia maisha. Nikinyamaza, naogopa hata kuandika kitakachotokea. Nifanye nini?

Dada Mkubwa


JIBU LA SHANGAZI

Marahaba mwanangu, na pole sana. Umebeba vitu viwili kwa pamoja, mtoto uliyekabidhiwa na siri uliyoapishwa, na kila ukikaza mkono kwenye kimoja unaona kingine kinaponyoka. Wiki tatu hizo umekuwa ukisikiliza bomba la bafuni peke yako. Nimeisoma barua yako mara mbili, na kuna swali ambalo hukuniuliza. Hukuniuliza kama mdogo wako anaumwa. Nadhani hilo moyo wako umeshalijibu. Unachotafuta kwangu ni ruhusa ya kulitamka.

Kumpima mtu kwa barua siwezi, na jina la ugonjwa litatoka kwa daktari akishamwona. Ila naomba nikae kwanza kwenye lile linalokuchanganya, la mpishi asiyeonja, maana naona ndilo linalokufanya ujishuku mwenyewe.

Mwaka 1944, vita kuu ya pili ikielekea ukingoni, watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota kule Marekani walitaka kujua namna bora ya kuwarudishia afya watu waliodhoofishwa na njaa. Vijana 36 wa kiume, waliokataa kupigana vita kwa sababu ya imani zao, wakajitolea. Walichaguliwa walio wazima wa mwili na akili. Kwa karibu miezi sita walipewa kama nusu ya chakula walichozoea, huku wakitembea kilomita nyingi kila wiki, mpaka wakapungua takriban robo ya uzito wao. Miili ilikonda, hilo lilitarajiwa. Lakini sikia yaliyotokea vichwani. Vijana ambao jiko halikuwahi kuwahusu wakaanza kusoma vitabu vya mapishi kitandani. Mlo mdogo wakauvuta karibu saa mbili, wakiuchanganya na kuugeuzageuza, na mwisho wakaramba sahani. Waliomba blanketi za ziada katikati ya kiangazi. Wakanuna, wakajitenga, utani ukaisha. Chakula kiliporudishwa, baadhi yao walikula mpaka wakaugua, na bado hawakuhisi wameshiba.

Hakuna aliyewaambia vijana wale kwamba wapendeze. Yote hayo yaliletwa na njaa.

Sasa weka barua yako pembeni ya habari hiyo. Sweta juani, sahani ya saa nzima, video za usiku, ukali, mchekeshaji aliyenyamaza, sufuria ya saa nane usiku. Wewe uliuliza kama mtu anayechukia chakula hufanya hivyo. Mimi naona kijana mwenye njaa ya miezi minane, ambaye kitu fulani ndani yake kinamkataza kula. Kukutazama wewe ukila ndiyo namna pekee aliyobakiwa nayo ya kukaa karibu na chakula. Na ule usiku usiuite ulafi wala kukosa msimamo. Mwili ulionyimwa muda mrefu hufika mahali ukachukua wenyewe. Kisha inakuja aibu, kisha kutapika, kisha kuapa kubana zaidi kesho, na kule kubana kunauandaa usiku mwingine kama ule. Mwaka 1979 daktari wa London, Gerald Russell, aliielezea hali hiyo ya kula kwa pupa na kujitapisha akaipa jina bulimia. Ile ya kujinyima mpaka mwili ukaisha huitwa anoreksia. Vitabuni zimetenganishwa, ila kwa watu zinaingiliana, na mgonjwa anaweza kutoka moja kwenda nyingine.

Ndiyo maana ile ahadi ya "nikimaliza mashindano nitakula kawaida" inanipa wasiwasi. Simwiti mwongo. Naamini alipoitamka aliimaanisha kwa moyo wote. Lakini anayeahidi hapo ni akili iliyoshikwa na njaa, na njaa hiyo itakuwa imeongezeka mwezi mmoja siku mashindano yatakapokwisha. Jiulize pia: akishinda, atapata sababu ya kuacha, au atapata ushahidi kwamba njia yake inafanya kazi? Na akishindwa je?

Rafiki yako anasema magonjwa haya ni ya wasichana. Wanaogundulika wengi ni wa kike, kweli, na sehemu ya sababu ni kwamba wavulana hatuwatazami. Mwaka 1689 tabibu mmoja wa Uingereza, Richard Morton, aliandika habari za wagonjwa wawili waliokuwa wakiisha miili bila homa wala kifua kikuu, na maandishi yake huhesabiwa kuwa miongoni mwa ya kwanza kabisa ya kitabibu kuhusu anoreksia. Mmoja alikuwa msichana. Wa pili alikuwa mvulana wa kama miaka 16. Zaidi ya karne tatu zimepita, na mvulana anayejinyima bado anaambiwa ana nidhamu.

Na hilo la "hajakonda kiasi cha kutisha", naomba ulitoe kichwani kabisa. Uzito ni shahidi dhaifu. Watu wengi wenye matatizo ya ulaji ukiwaona hutawashuku: wembamba wa kawaida, wa wastani, wanene pia. Anayejitapisha mara kwa mara hupoteza potasiamu, madini yanayosaidia moyo kupiga kwa mpangilio, na moyo unaweza kuvurugika bila kujali mizani inasema nini. Tazama yale ambayo sweta haifichi. Mashavu kuvimba chini ya masikio, kwa sababu ya tezi za mate. Meno kuuma au ganda lake kulika. Makovu au sugu kwenye vifundo vya vidole. Kizunguzungu akisimama ghafla, mikono ya baridi, nywele kukatika, malaika laini kuota mikononi na mgongoni, choo kuwa kigumu. Kwa wasichana hedhi hupotea. Kwa wavulana homoni ya kiume hushuka kimyakimya na hakuna anayeuliza.

Yule muundi nao usiuache kama jambo la pembeni. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko juu ya wanariadha, wanaume kwa wanawake, wanaotumia nguvu nyingi kuliko wanachokula. Mifupa yao hudhoofu na kupata nyufa, majeraha hayaponi, na mwishowe kasi yenyewe inapotea. Daktari aliyeuona mguu aliambiwa habari za chakula? Nauliza tu.

Kuna maswali matano ambayo madaktari wa Uingereza waliyatunga mwaka 1999 ili hata mhudumu asiye bingwa aweze kushtuka mapema. Je, unajitapisha kwa sababu unajisikia umeshiba kupita kiasi? Unaogopa kwamba umeshindwa kudhibiti kiasi unachokula? Umepungua zaidi ya kilo 6 ndani ya miezi mitatu? Unajiona mnene wakati wengine wanakuona umekonda? Unaweza kusema chakula kimeyatawala maisha yako? Anayejibu ndiyo kwa mawili au zaidi anafaa kuchunguzwa zaidi. Hayathibitishi ugonjwa. Ila nadhani hata wewe, kwa yale uliyoyaona kwa macho yako, umeshahesabu.

Twende kwenye kiapo.

Nakuelewa kwa nini uliapa. Saa nane usiku, mtoto macho mekundu, ungesema nini? Naomba tu ukitazame kwa jicho jingine. Uliapa kulinda nini? Ikiwa ni heshima yake, mbona unaweza kuendelea kuilinda hata ukisema, kwa kuchagua nani aambiwe, kwa maneno gani, na nini kibaki kati yenu. Ikiwa ni kulinda kile kinachofanyika bafuni, hapo sina hakika kwamba aliyekuapisha ni mdogo wako peke yake. Magonjwa haya yanaishi kwa usiri. Mgonjwa mwenyewe mara nyingi ana nafsi mbili, moja inakuomba usiseme, nyingine inaacha bomba likitiririka huku ikijua kwamba dada ana usingizi mwepesi.

Unaweza kusubiri hadi baada ya mashindano. Utabaki na imani yake kwa mwezi mmoja. Hatari yake umeitaja mwenyewe kwamba unaogopa kuiandika, basi niiandike mimi: mtu anayejitapisha, asiyekula, na anayekimbia mbio ndefu, moyo wake unaweza kumwangusha bila onyo. Ukiichagua njia hii, hata kwa siku chache, angalau apimwe kabla ya kukimbia tena.

Unaweza kuanzia kwa daktari. Mwombe apime mapigo ya moyo na shinikizo la damu akiwa amelala na akiwa amesimama, joto la mwili, madini ya damu, na umeme wa moyo. Mweleze waziwazi kuhusu kutapika, kwa sababu kijana hatasema, na majibu ya damu yanaweza kutoka mazuri wakati hali si nzuri. Kwa umri wake huenda hospitali itamtaka mzazi au mlezi, na huko siri inaweza kukutoka mikononi bila kujiandaa. Afadhali ulijue mapema.

Unaweza kuwaambia wazazi. Hapa nikupe jambo moja ambalo wengi hawalijui. Miaka ya 1980, katika hospitali ya Maudsley mjini London, ilianza kufanyiwa utafiti tiba ambayo wazazi, wakiongozwa na wataalamu, wanakabidhiwa kwa muda jukumu la kumlisha kijana wao. Kwa vijana wa umri wa mdogo wako ni miongoni mwa tiba zenye ushahidi mzuri zaidi tulizonazo. Haianzi kwa kutafuta nani alaumiwe. Na ndani ya tiba hiyo ndugu hawapewi kazi ya kulisha wala kupekua mifuko. Wanabaki kuwa ndugu. Nimekuambia haya kwa sababu nakuona ukijaribu kuwa mama, daktari na askari wa sahani kwa wakati mmoja, na hakuna aliyekuomba uwe vyote hivyo. Mama alisema "ni wako". Sidhani kama alimaanisha "si wangu tena".

Kuwaambia nako kuna hatari zake. Baba anaweza kupiga marufuku mbio kwa hasira, na kijana akaona amepokonywa kila kitu kwa siku moja. Mama anaweza kurudia lile neno deko. Unaweza kupunguza makali kwa kuzungumza na mmoja wao kwanza, yule anayesikiliza zaidi, na kumsimulia uliyoona badala ya kumpa jina la ugonjwa. "Nimemkuta sakafuni analia na sufuria mapajani" ni vigumu kuiita deko. Kuhusu mbio, uamuzi wa kupumzisha mwili ukitoka kwa daktari, kwa muda maalumu, husikika tofauti na adhabu ya baba.

Ipo pia njia ya katikati: umwambie mdogo wako kabla ya kumwambia mtu mwingine yeyote. Kwamba kile kiapo huwezi kukibeba, kwamba ungependa aseme yeye mwenyewe ukiwa umekaa pembeni yake, na kwamba asiposema kufikia siku fulani, siku mnayoitaja wote wawili, utasema wewe. Atakasirika. Anaweza kukuahidi tena, anaweza kuficha vizuri zaidi, anaweza kutishia kuondoka. Usiweke siku ya mbali.

Kocha? Wapo makocha ambao wakiambiwa wanakuwa mkono wa kuume wa familia. Wapo wanaolinda mashindano. Wewe unamjua, mimi simjui. Ningependa tu asiwe mtu wa kwanza kuambiwa.

Ukiketi na mdogo wako, msiwe mezani, na isiwe baada ya bafuni. Mnaweza kutembea pamoja, taratibu, maana vijana wa kiume husema zaidi msipotazamana usoni. Sema uliyoyaona na unavyojisikia. "Nilikusikia usiku ule. Nakuona una baridi kila siku. Nakosa utani wako. Naogopa." Usizungumzie mwili wake kabisa, hata kwa sifa. Siku akianza kupona mtu atamwambia "umenawiri", na masikioni mwake neno hilo linaweza kuingia kama "umenenepa". Akikataa kila kitu usishindane naye. Kukataa ni sehemu ya ugonjwa, na mazungumzo ya kwanza mara nyingi hayafiki popote. Muulize pia, bila kuzunguka, kama amewahi kutamani kufa. Aliposema "umeniua" huenda ilikuwa lugha tu. Kuuliza hakumpi mtu wazo.

Ya Jumamosi yameshapita, mwanangu. Ulifunga mlango kwa woga, na woga wa mlezi naujua. Unaweza kumwomba msamaha kwa mlango bila kuomba msamaha kwa kujali. Ila usirudie. Ukiacha kwamba kulishwa kwa nguvu kunamrudisha bafuni, mtu aliyekaa na njaa muda mrefu akirudishiwa chakula kingi kwa ghafla, madini kama fosfeti yanaweza kushuka kwenye damu kiasi cha kuhatarisha moyo. Kurudi kwenye chakula kunahitaji mtu mwenye kujua pembeni.

Yapo mambo ambayo yakitokea hatujadiliani tena habari za siri. Akizirai, akilalamika kifua au moyo kwenda mbio na kuruka, akitapika damu, akishindwa kushikilia hata maji tumboni, akichanganyikiwa, au akizungumzia kujidhuru, mpeleke hospitali usiku huo huo na wazazi wapigie simu ukiwa njiani.

Nimebakiza sentensi moja ya barua yako uliyoipita haraka sana. Ulimpa mizani yako, ukanunua nyingine kwa sababu siku yako haianzi bila kujua umeamka na kilo ngapi. Sikuiandika hapa ili nikuonjeshe lawama. Mizani haikumletea mdogo wako ugonjwa, wala ile "umependeza" yako. Haya hutokana na mambo mengi, mengine ya kurithi, mengine ya tabia ya mtu na mazingira yake, na kila aliyempenda atapata neno moja alilosema la kujilaumu nalo. Nimeirudia kwa sababu ulisema naye anasoma kila unachosoma. Basi pengine anakusikia pia unaposimama juu ya mizani asubuhi, na anajua kutokana na uso wako imesema nini. Nyumba yenu ina mizani mbili na watu wawili wanaoamka kuziuliza.

Ukinijibu, na natumaini utanijibu, uniambie amepokeaje na umechagua kuanzia wapi. Kisha niandikie habari zako wewe: unakula nini siku ambazo namba haikukupendeza?

Shangazi